Bonde Takatifu la Wainka kwa siku moja: nilicholipia na nilichopata

Katika mitaa inayozunguka Plaza de Armas, uwanja mkuu wa mji wa Cusco, Peru, safari ya siku moja ya Bonde Takatifu, lenye magofu ya Wainka waliotawala huko kabla ya Wahispania, inauzwa karibu kila mlango. Mabango ni yale yale, picha ni zile zile, na ukifuatilia utakuta mawakala kadhaa wanajaza basi moja. Ndiyo maana jirani yako kwenye kiti anaweza kuwa amelipa pungufu yako, au zaidi yako, kwa safari ile ile. Halikunishangaza. Nimeongoza watalii Arusha kwa miaka mingi, na mchezo huo kwetu upo. Kwa hiyo nilikwenda na jicho la mtu wa kazi, na tathmini hii isomwe hivyo.

Nilichukua ile ndefu, wanayoiita Valle Sagrado VIP: Chinchero, Moray, mabwawa ya chumvi ya Maras, Ollantaytambo, kisha Pisac. Ile ya kawaida huacha Moray na Maras. Hiyo VIP isikudanganye, ni basi dogo lililojaa kama mabasi mengine yote, na kiongozi anasema kila kitu kwa Kihispania kwanza halafu Kiingereza, kwa hiyo maelezo ya dakika tano yanakula dakika kumi.

Bei hubeba usafiri, kiongozi na chakula cha mchana. Viingilio havimo, na hapa ndipo wageni wengi wanapokunja uso. Tiketi ya pamoja, boleto turístico, ipo ya aina mbili zinazohusu safari hii. Ya sehemu ni soli 70 (soli ni fedha ya Peru), inadumu siku mbili na inakuingiza Chinchero, Moray, Ollantaytambo na Pisac. Nzima ni soli 130, inadumu siku 10 na ina maeneo 16, pamoja na magofu ya Sacsayhuamán pale juu ya Cusco. Maras haimo katika tiketi yoyote kati ya hizo, kwa sababu yale mabwawa ni mali ya familia za wenyeji wenyewe; unalipa getini, na ni vizuri kuwa na fedha taslimu. Wakala wangu alikuwa ameyaandika haya yote kwa herufi ndogo nyuma ya risiti.

Kabla ya magofu, neno kuhusu mwinuko. Cusco iko kama mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Chinchero, kituo cha kwanza, ni kama mita 3,760, yaani ni juu kidogo ya kambi ya Horombo kwenye njia ya Marangu, ambayo ni mita 3,720. Kilimanjaro mtu hufika Horombo kwa miguu, siku ya pili, akisindikizwa na pole pole za kila mpagazi. Hapa watu wanashuka kwenye ndege jana, wakitoka Lima iliyo pwani kabisa, na leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi wamepakiwa kwenye basi. Binti mmoja kiti cha nyuma alitapika hata kabla hatujafika. Dereva alikuwa na mfuko wa plastiki tayari mkononi, jambo lililonionyesha kwamba si mgeni na hali hiyo. Habari njema ni kwamba bonde lenyewe liko chini: Urubamba na Ollantaytambo ni kati ya mita 2,800 na 2,900, na mchana kila mtu alikuwa amepata rangi yake. Ukiweza, lala huko bondeni usiku wa kwanza na Cusco uifanye baadaye.

Utapewa chai ya koka, na wengine watakupa majani ya kutafuna. Peru ni halali na wenyeji wanayatumia tangu kale. Ila usitie hata jani moja kwenye begi la kurudi nalo, maana nchi nyingi huyahesabu kama dawa za kulevya, na kama kazini kwako hupima mkojo, hata kikombe cha chai kinaweza kukuletea maneno.

Chinchero hatukuanza na magofu. Tulianza na karakana ya wafumaji, akina mama waliovaa koti jekundu na kofia bapa, wakatukaribisha kwenye mabenchi kwa chai. Nilikaa nikijua kinachokuja. Mama mmoja aliparuza mzizi wanaouita saqta ndani ya maji ya moto, povu likajaa beseni, akatumbukiza sufu chafu ya alpaka, mnyama wa manyoya wa huko milimani, ikatoka nyeupe. Kisha akachukua vidudu vikavu vya kochinila, wale wanaoishi juu ya mipungate, akaviponda kiganjani hadi mkono mzima ukawa mwekundu kama damu. Akadondosha limau, wekundu ukageuka rangi ya chungwa. Akatia chumvi, ukageuka tena. Alikuwa na kichekesho chake kuhusu rangi ya midomo, ambacho bila shaka hukirudia kwa kila basi, na bado watu walicheka. Mikono yake haikuwa ya maonyesho. Wakati akiongea, kijiti cha kusokotea uzi kilikuwa kinazunguka chenyewe pembeni mwa goti lake.

Halafu, bila shaka, duka. Sina ugomvi na kamisheni. Nami nimesimamisha gari kwenye maduka ya vinyago njia ya Ngorongoro, na kila dereva wa Arusha anajua kwa nini. Ninachopima ni mambo mawili: je, kitu kimetengenezwa na aliyesimama mbele yangu, na je, dakika zake zimetolewa wapi? Kwa la kwanza Chinchero walishinda. Nilinunua mkanda mwembamba wa kufuma na sijutii bei. Kwa la pili walishindwa, kwa sababu magofu ya Chinchero tulipewa muda mfupi kuliko duka. Pale uwanjani kuna ukuta mrefu wa jumba la mfalme wa Wainka Tupac Inca Yupanqui, mwana wa mfalme Pachacutec, wenye vishubaka vilivyochongwa vipana chini na vyembamba juu, mawe yamekaa bila chokaa. Juu yake Wahispania wakasimika kanisa jeupe la udongo. Ndani dari yote imechorwa maua, na kupiga picha hairuhusiwi. Nilikuwa nimeanza tu kuzoea giza la mle ndani, filimbi ya kurudi kwenye basi ikalia. Huko nje ya mji wanajenga uwanja mpya wa ndege wa kimataifa, na wanaakiolojia wengi wameupinga. Ukitaka kuiona Chinchero ikiwa bado kimya, nenda mapema.

Moray ni mashimo makubwa ya ardhini yaliyozungushiwa matuta ya ngazi, duara ndani ya duara. Unatazama kutoka juu, kushuka hadi katikati hakuruhusiwi. Hapa kiongozi wetu alianza kunifurahisha. Kila mtu mtandaoni husema Moray ilikuwa maabara ya kilimo, kwamba kila ngazi ina joto lake na Wainka walijaribia mbegu humo. Naye alilisema, kisha akaongeza kwamba hayo ni maelezo yanayopendwa, watafiti hawajakubaliana, na kinachoonekana wazi zaidi ni ufundi wa kuondoa maji. Kiongozi anayetenganisha anachojua na kinachouzika ni adimu. Nasema hivyo nikiwa ndani ya kazi hiyo.

Njia ya kwenda Maras inashuka kwa kona kali, na ghafla ubavu wa mlima unang'aa. Mabwawa yanapita 3,000, madogo madogo, meupe na ya kahawia, yamepangana hadi chini korongoni. Maji yote yanatoka kwenye chemchemi moja ya chumvi, vuguvugu, kwa mfereji mwembamba unaogawanyika na kugawanyika tena. Mwenye bwawa anafungua, linajaa, anaziba kwa jiwe, jua linafanya kazi, kisha anakwangua. Wakati wa kiangazi ndipo kazi inapamba moto. Ukija wakati wa mvua, Desemba hadi Machi, utakuta rangi ya tope. Siku hizi wageni hawapiti katikati ya mabwawa kama zamani, mnabaki kwenye njia iliyotengwa juu. Ni haki. Ile ni chumvi ya watu kula, na viatu vyetu vimetoka mbali.

Chakula cha mchana Urubamba kilikuwa cha kujipakulia, kingi na cha kawaida: supu ya kinoa, samaki wa trauti, kuku wa mchuzi wa manjano. Kilichonibaki kinywani ni hindi la kuchemsha nililonunua barabarani na kipande cha jibini, punje zake kubwa kama kucha ya kidole gumba. Mbele, njia ya Pisac, mji wa Lamay una wauzaji wa simbilisi waliobanikwa kwenye vijiti. Wazungu kwenye basi waliziba midomo. Wasomaji wangu wa Kivu na wa Njombe, ambako simbilisi ni kitoweo, wataelewa kwa nini mimi niliuliza bei.

Ollantaytambo ndiyo iliyoilipa siku. Unapanda ngazi zaidi ya 200 kupitia matuta, kifua kikikudai, na juu kabisa unakutana na mawe sita ya rangi ya waridi yamesimama kama ukuta, kila moja refu mara mbili ya mtu, mazito kupita magari yote niliyowahi kuendesha yakiwekwa pamoja. Yametoka machimbo ya Kachiqata. Kiongozi alitugeuza, akanyoosha kidole: machimbo yako mlima wa pili, ng'ambo ya mto. Jiwe lilishushwa mlima ule, likavushwa mto Urubamba, likapandishwa mlima huu. Bila chuma, bila gurudumu, bila mnyama wa kukokota, maana llama, mnyama wao wa mizigo, hubeba mzigo mdogo tu mgongoni. Ni kamba, mteremko uliojengwa, na watu wengi waliokuja kwa zamu kulitumikia dola. Mengine hayakufika. Yamelala njiani hadi leo na wenyeji huyaita mawe yaliyochoka. Hekalu lililokuwa likijengwa kwa mawe hayo halikumalizwa. Kwenye baadhi ya vipande utaona mashimo yenye umbo la T yaliyochongwa ili kuunganishia jiwe na jiwe.

Na hapo hapo ndipo Manco Inca, mfalme wa Wainka, baada ya kuwaasi Wahispania mwaka 1536, alipomsimamisha kamanda wao Hernando Pizarro na farasi wake. Wapiganaji walirusha mishale na mawe kutoka kwenye matuta, kisha wakafungulia mifereji ya mto na kuifurikisha tambarare ya chini, farasi wakakwama. Wahispania wakarudi nyuma. Ushindi haukudumu, Manco alijiondoa kwenda Vilcabamba, maficho yake ya msituni, lakini kusikia kisa hicho umesimama kwenye tuta lenyewe, ukiona tambarare lenyewe, ni tofauti na kukisoma. Kiongozi alikuwa amezaliwa kwenye familia inayosema Kikechua, lugha ya Wainka, na sehemu hiyo hakuitafsiri kwa haraka.

Nilimuuliza jinsi matuta yanavyojengwa, akaniambia: mawe makubwa chini, kokoto, mchanga, halafu udongo mzuri juu, na ukuta unaegemea ndani kidogo. Nikawaza Engaruka, matuta yetu ya mawe na mifereji chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, yaliyolimwa karne zile zile za Wainka. Nimepita hapo na wageni mara nyingi tukienda Ziwa Natron. Husimama watu wachache, na wanaosimama hawapati wa kuwaeleza hata nusu ya haya.

Mji wa Ollantaytambo wenyewe hatukuuona. Mitaa yake bado ni ile ya Wainka, maji yakipita kwenye vijifereji pembeni mwa njia na watu wakiishi ndani ya kuta hizo hizo, nasi tuliupita tukiwa kwenye viti.

Sababu ya haraka hiyo tuliijua baadaye. Kabla ya Pisac, basi lilisimama kwenye duka la vito vya fedha. Aliyetuonyesha ufundi aliyeyusha kipande, akagonga mara chache, akatufungulia mlango wa chumba cha mauzo chenye taa kali. Hakuna aliyejua nani ametengeneza nini. Tukakaa humo wakati jua linashuka, na tulipofika magofu ya Pisac kivuli kilishafunika nusu ya mlima. Sehemu ya Intihuatana, yenye mahekalu na kazi bora ya mawe, inataka mwendo mrefu kwenye njia ya ukingoni. Tulionyeshwa kwa kidole. Tukaona matuta yanayofuata umbo la mlima, na ng'ambo ya korongo matundu ya makaburi kwenye jabali, yaliyoporwa zamani. Kiongozi hakufurahi. Ratiba haiandikwi naye. Sokoni, chini mjini, walikuwa wanafunga turubai.

Kiongozi nampa nyota tano na bakshishi niliyompa aliistahili. Kampuni naipa mbili na nusu.

Kama una siku moja tu, nenda. Ollantaytambo peke yake inatosha kukupa haki yako. Lakini tiketi ya soli 70 inadumu siku mbili, kwa hiyo zitumie zote. Mjini Cusco, mabasi madogo ya abiria, yale ya kujaa ndipo yaondoke, ya Pisac yako mtaa wa Puputi, na ya Ollantaytambo mtaa wa Pavitos. Pisac uifanye asubuhi peke yako, upande magofuni kwa teksi na ushuke kwa miguu hadi sokoni. Siku ya pili chukua kikundi cha Chinchero, Moray na Maras, na waombe wakuache Ollantaytambo ulale hapo. Wengi hufanya hivyo kwa sababu treni ya kwenda Machu Picchu, ule mji maarufu wa kale wa Wainka, inaondokea hapo hapo, na dereva hana shida, ili mradi begi lako uwe nalo.

Chukua kofia, koti, na sarafu za soli moja moja za vyoo. Na kabla ya kulipa, mwambie wakala akuandikie kwenye risiti saa ambayo basi linafika Pisac.