Nani alitandika lile zulia?

Kila mtu wa kwetu Bukavu anayehamia huku Moncton, Kanada, nimekuwa nikimwambia: nenda ukasikilize familia ya Waakadia, wale wazawa wa Wafaransa waliohamia huku zamani, ikipiga muziki wa jadi yao. Juzi juzi, theluji ikiwa bado chini, nikampeleka mama yangu. Nilirudi nyumbani na hasira ambayo mpaka leo haijapoa.

Familia yenyewe haina kosa, hilo lieleweke. Baba fidla, mama piano, binti mkubwa kodiani, na kijana wao mdogo anagonga vijiko vya mbao gotini. Ila ngoma ya muziki huu ni miguu ya baba. Anapiga fidla amekaa kitini, na viatu vyake vya soli ngumu vinagonga mbao chini, kisigino, kidole, kisigino, wimbo mzima bila kupumzika. Ngoma nyingine hawana.

Basi wenye ukumbi wakatandika zulia! Zulia nene, jukwaa zima, mpaka chini ya kiti cha baba. Wimbo wa kwanza naona miguu inakwenda, sauti hakuna. Binti anamtazama baba, baba anazidisha nguvu, jasho linamchuruzika mpaka kwenye fidla, bado kimya. Wimbo wa pili ulipoisha, mama yao akaomba taratibu, kwa kile Kifaransa chao kilichochanganyika na Kiingereza wanachokiita chiac, kwamba zulia likunjwe kidogo tu. Fundi wa sauti hakuinuka hata kitini. Akajibu kwenye maikrofoni, ukumbi wote ukisikia, kuwa sauti imeshapimwa na hakuna kugusa kitu.

Unamjibu hivyo mama wa watu mbele ya watoto wake?

Na watu gani hao! Mababu zao walifukuzwa na Waingereza kuanzia 1755. Zaidi ya 10,000 walipakiwa melini, nyumba zikachomwa nyuma yao, na waliofika Louisiana, Marekani, ndio wazazi wa hao wanaoitwa Cajun leo. Kila 15 Agosti, sikukuu yao, Waakadia wanaingia barabarani na masufuria na vifuniko, wanagonga kelele, wanaiita tintamarre, ili ijulikane kuwa bado wapo. Nilipokuwa namweleza mama haya kwa sauti ya chini, akaniuliza, "Kumbe na hawa walikimbizwa kwao?" Halafu akanyamaza, akawa anaitazama ile miguu isiyosikika. Hapo ndipo roho iliniuma kweli.

Wakati wa mapumziko nikamfuata msimamizi. Akasema zulia ni utaratibu wa ukumbi. Nikamwambia utaratibu huo unaua muziki. Akanitazama juu mpaka chini: "Kwani wewe ni Mwakadia?"

Sikumjibu, maana mama alikuwa amenishika mkono ananivuta kwenye korido. Huko sakafu ni mbao tupu. Baba mwenye fidla alikuwa amebeba kiti chake mwenyewe, amekiweka karibu na makoti yetu, na ameanza. Bila maikrofoni, bila taa. Jamani, ile miguu! Mbao zilitetemeka mpaka hanga za makoti zikawa zinagongana. Nilihisi mdundo unapanda kutoka kwenye nyayo zangu. Yule kijana akamwendea mama yangu, akampa vijiko, akamkunja vidole kimoja kimoja: kijiko hiki juu, kile chini, kidole cha shahada katikati, migongo ya vijiko ielekeane. Mama hajui Kifaransa, anajua Kiswahili na Kishi, lugha ya kwetu, tu. Akagonga. Akakosea, akacheka, akagonga tena. Sikumbuki ni lini nilimwona akicheka hivyo tangu tufike nchi hii.

Kengele ikalia, wakarudishwa juu ya zulia lao, sehemu ya pili ikaenda vilevile, bubu.

Njiani niliapa kuandika msiende, mtapoteza pesa zenu bure. Siwezi tena kuandika hivyo. Nendeni, familia ile inastahili kila senti, ila mkiona zulia ombeni likunjwe kabla hawajaanza, ombeni kwa sauti na ombeni wengi. Mimi katika ukumbi ule sikanyagi tena. Au pengine nitakanyaga, kwa sababu mama ameshaniuliza mara mbili watapiga lini tena.