TAHADHARI: Anatangaza joka la maji la Asia, anatuma mtoto wa kenge

Watu wa Nakuru, Kisumu, Kakamega na kwingineko, kuna jamaa anauza mijusi mitandaoni na anawaumiza watu. Anaweka picha za joka la maji, yule mjusi wa kijani wa Vietnam, Thailand na kusini mwa China, na kusema yuko Kisumu na mzigo umeingia juzi. Anataka nusu ya pesa kwa M-Pesa kwanza, nusu ukishapokea. Mpwa wangu hapa mtaa wa Section 58, Nakuru, aliishia kutuma zote, maana aliambiwa kuna mteja mwingine yuko njiani kumchukua.

Katoni ilikuja na matatu, imetobolewa matundu na kuzungushiwa seloteipu. Ndani mlikuwa na mjusi mweusi mwenye madoa ya manjano yaliyojipanga mgongoni kama shanga, shingo ndefu, na kila alipotoa ulimi ulionekana umegawanyika ncha mbili. Huyo ni kenge. Watu wa kando ya Ziwa Victoria wanamfahamu tangu utotoni.

Mpwa wangu alipouliza, akajibiwa kwamba wakiwa wadogo huwa weusi, wakikua wanageuka kijani. Ni uongo mtupu! Joka la maji likiwa changa huwa na rangi ya kahawia na kijani, lina mistari hafifu ubavuni, mkia una pete, na ulimi wake ni mfupi, mnene, hauna panda. Kwa hiyo kabla ya kutuma hata shilingi moja, dai video ya mnyama akitoa ulimi, kando yake karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo. Akileta visingizio, achana naye.

Kenge si mnyama wa kuwekwa sebuleni. Anaweza kufika mita mbili na mkia wake, anauma, anaparura, na mkia huo anautumia kama silaha. Muuzaji alimwambia kijana amweke kwenye beseni la maji na ampe ugali na omena. Hayo ndiyo yaliyonikasirisha kuliko hata pesa, kwa sababu joka la maji halisi nalo lingekufa kwa maelekezo hayo. Linahitaji banda refu lenye matawi ya kupanda, maji ya kujitumbukiza, hewa yenye unyevu mwingi, pembe moja yenye joto la nyuzi 30 hivi na zaidi, na taa ya UVB, yaani inayotoa miale kama ya jua, kwani mwanga unaopita kwenye kioo cha dirisha hautoshi. Bila taa hiyo na kalsiamu, mifupa hulainika na taya huvimba. Chakula chake kikuu ni wadudu kama nyenje. Na baridi ya usiku ya Nakuru mnaijua. Muuzaji asiyekuuliza lolote kuhusu taa na joto hajali mnyama wake ataishi au atakufa.

Halafu kuna sheria, na hapa mnunuzi ndiye anayebaki na kesi mkononi. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, huwezi kufuga kenge bila kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Joka la maji nalo liliingizwa kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, katika mkutano wa Panama wa 2022, kwa hiyo anayeliingiza nchini lazima awe na karatasi zenye jina lake la kisayansi, Physignathus cocincinus. Huyu jamaa alipoulizwa karatasi alituma picha ya risiti ya duka, kisha akatufungia.

Kama ameshakutumia kenge, usimwachilie mtoni wala kumuuzia mwenzako. Wapigie KWS wakuelekeze. Sisi tulienda kwenye lango kuu la Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru. Ukimshika, nawa mikono kwa sabuni, hasa kama kuna watoto nyumbani, maana mijusi hubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu. Ujumbe wa M-Pesa usiufute, piga picha mazungumzo yote kabla hajayafuta yeye, kisha uripoti polisi.

Anabadilisha jina la akaunti mara kwa mara, lakini picha ni zilezile: mjusi juu ya tawi, nyuma kuna pazia jekundu. Uliyetapeliwa naye, niandikie inboksi tupeleke malalamiko kwa pamoja.