Boila isiyoshika moto, na kampuni ninayoilipa kila mwezi

Naandika haya hasira ikiwa bado haijaniisha, na ni haki ya msomaji kulijua hilo mapema. Kampuni ninayoizungumzia hukata pesa katika akaunti yangu kila mwezi kwa ajili ya mpango wa matengenezo ya boila, yaani mashine ya gesi inayopasha moto maji na nyumba, pamoja na mabomba yake na redieta, vile vyuma vya ukutani vinavyotoa joto vyumbani, na kwa miaka kadhaa sikuwahi kuilalamikia kwa sababu sikuwahi kuihitaji. Msimu huu wa baridi nilipoihitaji, iliniletea mtu aliyeingia jikoni kwangu, akaondoka, na boila hakuigusa hata kwa kidole.

Boila yetu hapa Leicester, Uingereza, tuliikuta ndani ya nyumba tulipoinunua. Ni ya zamani, ya kusimama sakafuni, yenye pailoti, yaani kile kimoto kidogo kinachowaka usiku na mchana ili kuuwasha moto mkubwa nyumba inapohitaji joto. Za siku hizi hazina kimoto hicho, hujiwasha kwa cheche za umeme. Asubuhi moja tuliamka redieta zote zimepoa na maji ya moto hakuna, nikaenda kutazama, nikakuta pailoti imezimika. Nikafuata maelekezo yaliyobandikwa nyuma ya kifuniko: nikafunga, nikasubiri dakika 3 ili gesi iliyobaki itawanyike, nikabonyeza kitufe cha gesi, nikapiga cheche, kikawaka. Muda wote niliokuwa nimebonyeza, kiliwaka vizuri. Nilipoachia, tak, kikafa. Nikarudia kwa kushikilia muda mrefu zaidi ya ule ulioandikwa, na mambo yakawa yale yale.

Kwa anayezijua boila za namna hii, maelezo hayo peke yake ni nusu ya jibu. Ubavuni mwa pailoti hukaa kijiti kiitwacho themokapo, ambacho nchani mwake zimeunganishwa metali mbili tofauti. Ncha hiyo ikipata moto huzalisha umeme mdogo mno, wa milivolti 20 hadi 30 hivi, unaopita katika waya mwembamba wa shaba hadi kwenye valvu ya gesi na kuitia nguvu sumaku inayoizuia valvu isijifunge. Umeme huo hauwezi kuifungua valvu, unaweza kuishikilia tu, na ndiyo maana lazima kwanza mtu abonyeze kwa mkono. Kimoto kikizimika, ncha hupoa, sumaku huachia na gesi hukatika kabla haijajaa nyumbani. Ni kinga, tena kinga nzuri. Kwa hiyo kimoto kinachodumu ukibonyeza na kufa ukiachia kinakuambia kwamba gesi inafika na kinachokosekana ni ule ushikiliaji: ama ncha imeliwa na moto wa miaka mingi, ama nati ya waya wake imelegea, ama sumaku yenyewe imechoka. Tundu la pailoti likiziba kwa vumbi, kimoto huwa kifupi, cha manjano, hakiifikii ncha. Upepo ukiingia kwa bomba la moshi, huyumba. Cha kwetu nilikitazama kupitia kidirisha cha kioo, kilikuwa cha bluu, kimetulia, kimeizunguka ncha yote.

Hayo yote nilimweleza dada aliyepokea simu, na nasisitiza kwamba yeye alikuwa mstaarabu na aliyaandika, kwani nilimsikia akinisomea. Fundi alipaswa kuja kesho yake. Alikuja keshokutwa, na hilo ningelisamehe, kwa sababu kulikuwa na baridi kali na bila shaka nyumba zilizokwama zilikuwa nyingi.

Nisilolisamehe lilianzia mlangoni. Kabla ya salamu aliuliza mwenye nyumba yuko wapi. Nikamjibu kwamba mwenye nyumba ndiye mimi. Akatazama juu ya bega langu, kule ukumbini, akasubiri kidogo, kisha akauliza tena, safari hii polepole na kwa sauti ya juu, iwapo kuna mtu mwingine ambaye angeweza kuzungumza naye kuhusu boila. Kitambulisho chake alikipitisha machoni pangu na kukirudisha mfukoni, ilhali kadi ya Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi iliyochukua nafasi ya ile ya CORGI mwaka 2009, imeandikwa nyuma aina za kazi anazoruhusiwa mwenye kadi, na mteja ana haki ya kuzisoma.

Jikoni alisimama hatua mbili kutoka kwenye boila akiwa ameshika kishikwambi. Hakufungua kifuniko. Hakuniomba nimwonyeshe inavyozimika. Nilipoanza kumweleza habari ya themokapo alitabasamu, akasema watu husoma mengi mtandaoni, kisha akatoa hukumu: mashine imepitwa na wakati, vipuri vyake havipatikani, na sheria hairuhusu tena boila za aina hii. Nikamuuliza ni sheria gani. Akasema ni sheria ya 2005. Sheria hiyo ipo, na haisemi alivyosema yeye. Kanuni za ujenzi za England na Wales tangu Aprili 2005 zinataka boila mpya ya gesi inayofungwa iwe ya aina inayovuna joto la moshi wake, isipokuwa pale ambapo haiwezekani. Hazimlazimishi mtu kung'oa ile ambayo tayari anayo. Nilipomwambia hivyo akabadili njia, akaniambia kwamba boila ya umri huu inaweza kutuua usingizini kwa kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokanayo na moto usiowaka vizuri.

Hapa ndipo damu iliponichemka. Kaboni monoksidi si jambo la kutishia watu ili uuze. Haina harufu, haina rangi, na kila mwaka huua. Mtu anayeamini kwa dhati kwamba iko ndani ya nyumba hupima moshi, hutazama rangi ya moto, hukagua bomba la moshi nje, na akiona hatari hufunga gesi na kubandika onyo kwenye mashine. Yeye hakufanya hata moja. Alitoa kibandiko cha onyo begini, nikamuuliza atakijaza kosa gani maadamu hajapima kitu, akakirudisha. Kisha akanigeuzia kishikwambi nione bei ya boila mpya pamoja na kuifunga, pauni 3,000 kasoro kidogo, na akasema nikitia saini siku hiyo hiyo ningepunguziwa.

Mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga na ambaye muda wote huo alikuwa mezani amevaa koti juu ya sweta na khanga juu ya koti, hakuelewa Kiingereza chote kilichosemwa. Lakini aliniuliza, "Mwanangu, huyu ni fundi au ni dalali?" Nikacheka, yule bwana akadhani anachekwa, na kwa mara ya kwanza alidhani sawasawa.

Aliondoka bila kufunga gesi ya mashine aliyosema itatuua. Nyota moja, basi, na hiyo moja ni kwa sababu haiwezekani kutoa sifuri.

Ningeishia hapo, lakini haki lazima itendeke hata kwa mtu aliyekuudhi. Nililalamika kwa maandishi, nikataja kila nilichokitaja hapa, na siku chache baadaye wakamtuma mwingine, mzee wa makamo mwenye mikono iliyochakaa kwa kazi, ambaye alitoa kadi yake pande zote mbili kabla sijaiomba na kumsalimia mama kabla ya kunisalimia mimi. Alinitaka nimwonyeshe. Nikabonyeza, kikawaka, nikaachia, kikafa, naye akatikisa kichwa kwa kukubali. Akafungua nati kwenye valvu, akaweka mita ya kupimia umeme, akawasha pailoti na kusubiri ncha ipate moto. Mita haikufika hata milivolti 10. Akaitoa themokapo na kunipa niishike: ncha imekuwa nyembamba, ya rangi ya majivu, na upande mmoja umemomonyoka kabisa. Mpya ilikuwa ndani ya gari lake, ya kawaida inayoingia katika boila za aina nyingi, kipuri kisichofika pauni 20. Nati aliikaza kwa vidole hadi ikagoma, kisha akaongeza robo ya mzunguko tu kwa spana, akieleza kwamba ukiikandamiza kupita hapo unaharibu mwisho wa waya na kimoto kitaanza tena kufa. Akasafisha tundu la pailoti, akapima moshi, akajaribu king'ora chetu cha kaboni monoksidi, akaniandikia ripoti. Chai aliyopewa na mama alimalizia ikiwa bado ya moto.

Kwa huyo natoa nyota tano na ningeongeza kama zingekuwepo. Kwa siku mbili tatu nilikuwa tayari kuandika kwamba kampuni ni nzuri na ilikosea mtu mmoja tu. Kwa kweli nilikwisha anza kuiandika sentensi hiyo.

Kisha ikaja barua. Inanishukuru kwa kuonyesha nia ya kununua boila mpya, imeambatanishwa na makadirio yale yale ya pauni 3,000 kasoro, na imeandikwa kwamba fundi alikagua mashine na kuiona haifai kutengenezwa. Alikagua lini? Kwa macho gani? Tangu barua hiyo nimekuwa nikipigiwa simu na watu wa mauzo wanaotaka kujua nimefikia uamuzi gani, na hakuna kati yao anayeona katika kumbukumbu zake kwamba boila imeshatengenezwa na kampuni yake mwenyewe. Hapo nilielewa kwamba yule wa kwanza huenda hakuwa akikiuka maagizo ya kazi yake hata kidogo, na simaanishi hilo kama utetezi wake.

Anayetaka kujiunga na mpango kama huu aulize kabla ya kulipa iwapo anayekuja kukagua hupata kamisheni kwa mauzo, na siku ya ziara asikubali hukumu yoyote juu ya pailoti kutoka kwa mtu ambaye hajatoa mita. Kuwasha upya kwa kufuata maelekezo ya mashine ni kazi ya mwenye nyumba. Kufungua kifuniko cha ndani si kazi yake, na akisikia harufu ya gesi asijaribu kuwasha chochote, afungue madirisha, afunge valvu kwenye mita ya gesi, na apige namba ya dharura ya gesi, 0800 111 999, akiwa nje.

Mpango wangu unakwisha majira ya kuchipua. Nimeuliza iwapo naweza kuurefusha kwa sharti kwamba atakayekuja ni yule mzee, wakanijibu kwamba mfumo haupangi hivyo. Kwa leo naziacha nyota mbili, na simu ya mauzo ikilia tena wiki hii nitarudi kuifuta moja.