Galaxy A35 au Redmi Note 13: simu ipi ya mtu wa Lamu?

Anayevuka kwa boti kutoka Mokowe, upande wa bara, kila siku huuliza kwanza habari ya maji. Galaxy A35 ina kinga ya IP67 (kipimo cha kuzuia vumbi na maji): huhimili kina cha mita 1 kwa dakika 30. Ila kipimo hicho ni cha maji matamu. Chumvi ya bahari hula vyuma vya tundu la chaji, kwa hiyo ikipigwa na wimbi, isuuze kwa maji matamu, uipanguse, na usiichaji mpaka ikauke kabisa. Redmi ni IP54 tu, yaani vumbi na matone; ikitumbukia gatini, ndio basi tena.

Nahodha ningempa A35 bila kusita, ingawa bei yake iko juu. Mwenye duka mtaa wa Langoni, anayeshinda kivulini, achukue Redmi abaki na chenji. Tena ina tundu la visikizi, ambalo A35 haina, na huchaji kwa wati 33 dhidi ya 25. Na A35, kero kwelikweli, huuzwa bila kichwa cha chaja! Betri ni 5000 mAh kote, na kadi ya memori zote zinapokea.