Ramani ya kupakua au skrini ya kiti? Uzoefu wangu wa kutambua vitu kutoka dirishani mwa ndege

Mimi ni mtu wa kiti cha dirishani, na nikiwa angani swali langu ni moja: kile kule chini ni nini? Skrini iliyo mbele ya kiti hainijibu. Inachora kindege kikubwa kinachofunika mkoa mzima, inataja miji miwili mitatu, kisha inahamia kwenye joto la nje na saa ya kufika. Mpaka ramani irudi, lile bwawa la ajabu uliloliona limeshaachwa nyuma. Ndiyo maana nikahamia kwenye programu ya ramani ya simu, ile unayopakua nchi nzima kabla ya safari na kuitumia bila intaneti. Zipo kadhaa, na nyingi zinachota data kisima kimoja, OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, kwa hiyo ninayoyasema hapa yanazihusu karibu zote.

Kwanza niondoe hofu. GPS inafanya kazi hata simu ikiwa kwenye hali ya ndegeni, kwa sababu simu haitumi chochote; inapokea tu mawimbi ya setelaiti zilizoko kilomita 20,000 hivi juu ya dunia. Kizuizi ni bodi la ndege. Ukikaa kiti cha kati utaona alama inazunguka tu mpaka uchoke. Dirishani, simu ikiegemezwa kwenye kioo, inakubali, ila mara ya kwanza inajivuta: bila intaneti, taarifa za njia za setelaiti lazima zitoke kwa setelaiti zenyewe, na huja polepole. Dawa yake ni kufungua programu ukiwa bado chini, mtandao upo na anga linaonekana, uiache ijue ilipo. Taarifa hizo hufaa kwa saa chache. Nikifanya hivyo, nukta hutokea mapema baada ya kupaa. Nisipofanya, huwa naikodolea macho simu huku nusu ya mandhari inapita.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoionea programu na kuipa nyota moja. Nukta inaonyesha ndege ilipo, haionyeshi unachokitazama. Dirisha la ndege halikupi kilicho chini ya miguu yako. Ndege ikiwa kimo cha kilomita 11, kitu unachokitazama kwa pembe ya nyuzi 45 kwenda chini kiko kilomita 11 pembeni. Inua macho kidogo, pembe iwe nyuzi 30, na hapo unatazama kitu kilicho kilomita 19 hivi. Anga likiwa safi, upeo wenyewe uko zaidi ya kilomita 350. Basi usitafute jina chini ya nukta. Toka nayo pembeni, upande wa dirisha lako, ukipima kwa kile kipimo cha umbali kilicho konani mwa ramani. Tena harakisha, maana kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa kila dakika inakula kilomita 15. Mimi huiweka ramani ifuate mwelekeo wa safari, ili kulia kwangu kuwe kulia kwake.

Mashamba ya upepo, yaani mitambo mingi ya kuzalisha umeme kwa upepo iliyosimamishwa mahali pamoja, ndiyo yaliyonifanya niipende programu. Kutoka juu mitambo inafanana yote: vijiti vyeupe, na jua likiwa chini kivuli huonekana vizuri kuliko mnara wenyewe. Kinachoyatofautisha mashamba ni mpangilio. Tukishuka kwenda Copenhagen niliona mitambo imesimama baharini kwa mstari mmoja uliopinda, karibu mno na mji. Nikavuta ramani, mstari uleule ukajitokeza: Middelgrunden, mitambo 20 ya megawati 2 kila mmoja. Nikahesabu dirishani, nikahesabu kwenye simu. 20 kwa 20! London Array, kwenye mlango wa mto Thames, ni habari nyingine kabisa. Ile ina mitambo 175, safu baada ya safu, na kuna sekunde chache ambapo safu zote zinanyooka machoni pako, kisha ndege inasogea na zinavurugika tena.

Nchi kavu, tafuta barabara kwanza. Kila mtambo ulifikiwa na kreni, kwa hiyo njia za vumbi hutambaa kutoka mmoja hadi mwingine, na mara nyingi jicho huzinasa hizo kabla ya mapanga. Penye ukame, mfano shamba la Ziwa Turkana lenye mitambo 365, njia hizo hazina majani ya kuzificha.

Kasoro kubwa ya programu iko hapohapo. Mitambo huonekana ukivuta ramani karibu sana tu. Rudi nyuma kidogo, bahari inabaki bluu tupu. Inabidi ukisie pa kuvuta, na nukta haikungoji. Waliozitengeneza walimfikiria dereva na mtembea kwa miguu. Mimi huku juu vituo vya basi vya nini? Nipe mabwawa, migodi, reli na mitambo ya umeme.

Rangi nayo haimo. Great Salt Lake, ziwa la chumvi kule Utah, Marekani, ukiipita juu, ina pande mbili: kaskazini waridi, kusini bluu ya kijani, na mpaka umenyooka kabisa. Ramani inapaka ziwa lote bluu, lakini reli inayolikatiza imechorwa, na jibu ni hilo: tuta la reli la mwaka 1959 lilizuia maji kuchanganyika, chumvi ikazidi kaskazini, na vijidudu vinavyoistahimili vikaleta ile rangi. Unapata ufunguo, mlango unaufungua mwenyewe. Ile miduara ya kijani ya mashamba yanayomwagiliwa na bomba refu linalozunguka pia haitajwi popote, ila kwa Marekani mingi ina kipenyo cha mita 800 hivi, nami naitumia kukadiria ukubwa wa vitu vilivyo jirani.

Programu naipa nyota nne. Kiti usichague cha nyuma tu ya injini, hewa ya moto inatia ukungu kwenye picha, na ukiweza kaa upande ambao jua halikupigi usoni. Nisichowahi kukitambua nakipiga picha, simu ikiwa imeruhusiwa kuhifadhi mahali. Picha inabaki na saa na mahali ndege ilipokuwa, na nikishatua nafungua picha za setelaiti natafuta pembeni kwa hesabu ileile. Moja ya picha hizo iwe na ncha ya bawa ndani, la sivyo baadaye hutajua ulikuwa unatazama mbele au nyuma.