mdadm ilivyoniokolea sendofu ya watu (uzoefu wangu)

Mi nina kastudio ka picha na video hapa Kirumba, Mwanza, jirani na mwaloni, yani hata kompyuta ya kuhifadhia kazi inanuka dagaa. Ndani kuna diski nne za TB 2 kila moja, RAID 5 (diski zinafanya kazi kama moja, ikifa moja data bado ipo) niliyoiunga mwenyewe kwa mdadm, programu ya kuunga RAID kwenye Ubuntu, bure kabisa. Juzi kati ikaja mvua ya upepo kutoka ziwani, umeme ukakata ukarudi ukakata tena, betri ya yupiesi ilishakufa zamani na nilikuwa najua kabisa, sasa kuja kuwasha mashine folda ya harusi haipo. Kuchungulia /proc/mdstat, faili linaloonyesha hali ya RAID, nakuta md0 (ndo jina la RAID yangu) imeandikwa inactive, yani haifanyi kazi, diski zote zina (S) pembeni kama wachezaji wa akiba. Nikapiga amri ya mdadm --stop kuizima, nikajaribu --assemble kuiunga tena, ikajibu imepata diski mbili tu, hazitoshi kuanzisha.

Jasho. Na simu nayo inaita, mama wa sendofu ya jumamosi, "Mwanangu, video yetu imefikia wapi?" Shikamoo mama, ipo kwenye matengenezo. Si uongo sana.

Shemeji yangu anayejiita fundi akasema piga --create, yani unda RAID upya, yaishe. Jamani msithubutu kukurupuka na hiyo, inaandika taarifa mpya za RAID juu ya zile za zamani kwenye kila diski, ukikosea mpangilio wa diski tu inaweza kuanza kusawazisha juu ya data yako na hapo ndo basi tena.

Kilichoniokoa ni mdadm --examine, unaipiga kwa kila diski halafu unaangalia mstari wa Events. Ni kama daftari la mahudhurio, hali ya RAID ikibadilika namba inapanda kwa waliopo wote, aliyetoroka anabaki na namba yake ya zamani. Diski zangu sdb na sdc zilisoma 48213, sdd 48209, sde 31877. Nikaangalia Update Time ya sde, yani mara ya mwisho taarifa zake kuandikwa, nikachoka, ilishatoka kundini wiki tatu nyuma!! Wiki tatu nafanya kazi na diski tatu kwenye RAID inayovumilia kufa kwa diski moja tu, na mi sina habari.

Kwahiyo sdd imepitwa hatua nne tu, sde ndo iliyooza taarifa, hiyo nikaiacha nje kabisa. Wajuzi wanashauri uzikopi diski kwanza kwa ddrescue, programu ya kunakili diski yenye matatizo, sikuwa na diski za akiba wala hela, nikapima kwa smartctl, programu ya kupima afya ya diski, nikaona zile tatu hazina sekta mbovu, nikajipa moyo. --stop tena, halafu --assemble --force na majina ya zile tatu. Ikasema inalazimisha hesabu ya sdd kutoka 48209 hadi 48213, md0 imeanza na diski 3 kati ya 4. Nilipiga kelele mpaka mama ntilie wa nje akaja kuchungulia. Nikapiga fsck -n ambayo inakagua bila kugusa, nikaimaunti, yani nikaifungua, kwa kusoma tu, nikahamisha kazi za wateja kwanza. Klipu moja iliyokuwa inakopiwa umeme ulipokata haikufunguka ila bado ilikuwepo kwenye memori kadi.

sde yenyewe wala haikufa, smartctl ilionyesha UDMA_CRC_Error_Count (makosa ya data ikiwa njiani) kubwa, na hiyo mara nyingi ni kebo. Nikabadili kebo ya SATA, nikairudisha kwa --add, ikajijenga upya kama masaa sita hivi.

mdadm naipa nyota nne. Ya tano naibania maana majibu yake ni ya mkato kama konda mwenye hasira, na usipomwekea MAILADDR, yani anwani yako ya barua pepe, kwenye mdadm.conf (na mashine iwe inaweza kutuma barua pepe) diski inatoroka kimya kimya. Nimeshaweka, nikajaribu na --monitor --scan --oneshot --test, barua ikanikuta kwenye daladala nampelekea mama flashi yake.