Mashine mbili za kusaga visiki juu ya tumbawe la Mombasa: uzoefu wangu

Mtu akiniuliza anunue mashine gani ya kusaga visiki, mimi humuuliza kwanza kazi zake ziko wapi: Kisauni kwenye mchanga, au Nyali juu ya tumbawe? Huu ni mwaka wangu wa tatu katika kazi hii, mashine mbili zimepita mikononi mwangu, na hasara zangu kubwa zote zilitoka chini ya udongo.

Nilianza kwa panga, shoka na mtaimbo. Tulikuwa tunakata miti tu: minazi iliyozeeka na kuinamia mabati, mikungu iliyopasua sakafu ya ua, miarobaini ambayo wengi hapa huiita mikilifi. Mti ukishalala, mwenye nyumba hugeuka akauliza, "Na kisiki je?" Huko Tudor, vibarua wawili walichimba siku mbili nzima kisiki kimoja cha mwarobaini, mizizi imekumbatia msingi wa ukuta upande huu na bomba la maji upande ule. Wapo wanaomwaga dizeli wakatia moto. Kisiki hufuka moshi siku nyingi, majirani wanakohoa, na pale palipoingia dizeli hapaoti kitu. Ndipo nikaamua kutafuta mashine.

Ya kwanza niliinunua mpya kwa Sh 310,000. Ni ile ya kusukuma kwa mikono: injini ya petroli ya silinda moja, sisi 420 (cc, yaani ukubwa wa injini), nguvu za farasi 15, belti mbili, na gurudumu lenye meno 12 ya kukichana kisiki. Nianze na uzuri wake, maana unao. Upana wake ni sentimita 70, kwa hiyo inapita kwenye vichochoro vya Mji wa Kale na kwenye vile vigeti vya mtaa wa Majengo ambavyo hata mkokoteni unavishindwa. Watu watatu wanaipandisha kwenye pikapu. Injini imeigwa kutoka kwa Honda GX390, ile ya sisi 389 iliyozoeleka kwenye jenereta na pampu za maji, na spea nyingi zinaingiliana. Plagi, kabureta, kamba ya kuwashia, vyote napata mjini siku hiyo hiyo. Petroli inakula kama lita tatu kwa saa ikifanya kazi mfululizo. Kwa upande wa injini sina lawama hata moja.

Lawama yangu ni meno.

Kazi ya nne au ya tano ilikuwa Nyali, kisiki cha mwarobaini cha sentimita 45, mwenyewe mama mmoja mtu mzima aliyetaka kupanda maua pale. Sentimita kumi za kwanza zilikwenda vizuri, vumbi la mti likiruka jekundu, harufu chungu imejaa ua. Mara nikasikia mlio umebadilika, kama sufuria inayokwaruzwa kwa kisu, na cheche zikatoka. Nikazima. Gurudumu halisimami papo hapo ukizima, lazima ungoje, na kule kungoja kulikuwa kurefu. Lilipotulia nikahesabu: meno matano yamevunjika ncha, la sita limeng'oka na bolti yake. Chini ya kisiki, mzizi ulikuwa umelikumbatia jiwe la tumbawe ukubwa wa kichwa cha mtu. Kipande chake kilikuwa kimeruka kikapasua kioo cha dirisha la jikoni. Mama alitoka, akatazama kioo, kisha akanitazama mimi. "Mwanangu, hujaumia?" Ndilo lililokuwa neno lake la kwanza. Kioo nililipa siku ile ile, na kisiki chake nilikimaliza kwa mtaimbo bila kudai shilingi ya ziada.

Kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye. Meno ya mashine ile yana umbo lake peke yake, tundu la bolti liko pembeni, na Mombasa nzima sikupata jino la kufanana nalo. Aliyeniuzia akaniambia ningoje mzigo. Nilingoja wiki saba. Mashine ya laki tatu imekaa chini ya turubai kwa ajili ya vipande vya chuma vidogo kuliko kidole gumba. Nilimpelekea fundi wa kuchomelea achomelee ncha mpya. Alijitahidi, mkono wake ni mzuri, lakini zilidumu kisiki kimoja na nusu. Ncha za meno haya ni tangsteni kabaidi, ngumu sana kwenye mti ila zikigonga jiwe hukatika kama kigae, na ukizichomelea kwa moto usiopimwa hupata nyufa.

Tangu siku ile siwashi mashine kabla ya kupima ardhi. Nina nondo ya milimita 12 niliyoinoa ncha. Naipigilia kuzunguka kisiki kila shubiri moja. Ikigonga jiwe, tunachimba kwa mkono hadi tulitoe au tulione limeishia wapi. Wakati huo huo namuuliza mwenye nyumba bomba la maji limepita wapi, shimo la choo liko wapi, na kama kuna waya wa umeme umezikwa. Jibu la "sidhani" silikubali, hapo tunachimba taratibu. Halafu tunasimamisha mbao za plaiwudi pande zote zenye madirisha au magari. Inakula nusu saa, na sijapasua kioo kingine.

Upande wa Bamburi na Shanzu kwenye mchanga, jino halivunjiki, linalika. Mchanga ni kama msasa: unaona kazi inapungua kasi, unadhani injini imechoka, kumbe ncha zimekuwa mviringo. Huko chujio la hewa nalisafisha kila siku jioni. Miti yenyewe pia haifanani. Mvinje ni mgumu ajabu. Ni mti ule ule uliostahimili machimbo makavu ya mawe ya Bamburi ulipopandwa mwaka 1971, basi mtu asikadirie bei ya kisiki chake kwa kutazama wembamba wa shina.

Mnazi ndio uliokaribia kunivunja moyo. Nje kisiki chake kinaonekana laini, na kweli meno yanaingia kama kwenye mkate. Lakini mnazi ni nyuzi tupu. Zinatoka ndefu, zinajisokota kwenye ekseli ya gurudumu, zinabana kama kamba ya katani iliyolowa, na usipoziona mapema belti inateleza na kuungua. Kwa mnazi sasa nakula kidogo kidogo kutoka ukingoni, na kila dakika tano nazima, natoa kofia ya plagi, nakata nyuzi kwa kisu. Kofia ya plagi naitoa hata kama ni sekunde kumi tu, ili injini isiweze kuwaka, kwa sababu vidole vitakuwa kwenye meno. Kazi hii naipenda hata hivyo, maana magogo na visiki vya minazi vinavyooza ndimo yule mdudu mwenye pembe hutaga, kisha hupanda kula moyo wa minazi iliyo hai. Mwenye shamba akilielewa hilo, hahitaji kushawishiwa sana.

Mashine ya pili niliipata mwaka jana, imetumika, imeletwa kutoka Ulaya kupitia bandari yetu. Sh 1,150,000 hadi kufika nyumbani. Nguvu za farasi 25, silinda mbili, inatembea yenyewe, na gurudumu linapepea kushoto na kulia kwa hidroliki, yaani nguvu ya mafuta yanayosukumwa ndani ya mipira, huku mimi nimesimama pembeni na vishikio tu. Kisiki cha mwarobaini cha sentimita 40 kilichokuwa kikinimaliza mgongo dakika arobaini, huyu anakisaga kwa robo saa. Inakula karibu lita sita kwa saa, lakini kwa kuwa saa ni chache, petroli ya kila kisiki haikupanda.

Sikuichagua kwa nguvu zake. Niliichagua kwa meno. Ni ya duara, bolti moja ya katikati, na kila jino lina pande tatu za kukatia: upande mmoja ukifa unalegeza, unalizungusha, unakaza, unaendelea. Umbo hili watengenezaji wengi wa meno wanalitoa. Niliagiza 32, seti mbili kamili, kabla hata mashine haijashushwa. Jino moja lilinifikia kwa kama Sh 2,600.

Kasoro zake nazo ni kubwa. Ina upana wa sentimita 90, Mji wa Kale haiingii. Inataka trela, na kazi za Likoni zinamaanisha kupanga foleni ya feri na trela nyuma, kwa hiyo ng'ambo siendi kwa kisiki kimoja. Nangoja vifike vitatu. Mpira mmoja wa hidroliki ulipasuka mwezi wa pili, mafuta yakamwagika kwenye nyasi za mteja. Wa badala nilitengenezewa kule Shimanzi siku hiyo hiyo.

Chumvi ya hewa inaila mashine usiku ikiwa imelala. Kila bolti ya jino inapakwa grisi kabla ya kukazwa, la sivyo baada ya mwezi haifunguki. Na msiioshe kwa maji ya kisima. Visima vyetu vingi ni vya chumvi, na mimi niliosha hivyo miezi mitatu nikashangaa kwa nini beringi zinalia. Sasa ni maji tamu ya mtungi, kitambaa, na oili kidogo.

Bei nafanya Sh 100 kwa sentimita, nikipima penye upana mkubwa kabisa chini pamoja na mizizi iliyojitokeza, na simalizi kazi chini ya Sh 3,500. Penye tumbawe naongeza, na namwonyesha mteja nondo ikigonga ili ajue sababu. Adhana ikilia tunazima. Vumbi la mti tunamwachia akitaka, ila namwambia asilichanganye na udongo wa kupandia likiwa bichi, kwa kuwa likioza hula naitrojeni na miche inageuka manjano.

Ile ndogo sijaiuza, mpwa wangu anaitumia vichochoroni, na meno yake nimeagiza ya kutosha mwaka mzima. Kama mfuko wako ni wa laki tatu, inunue, itakulisha. Lakini kabla hujalipa, mwambie muuzaji alifungue jino moja akupe mkononi. Zunguka nalo madukani mjini siku mbili. Ukirudi na la kufanana nalo, toa pesa.